Shafti Aliyoijaza Candida

Candida Komba ana karakana Gerezani, ukuta mmoja na duka langu la beringi, na kwa miaka kumi na minane nimeisikia mashine yake ya kukereza vyuma kuliko nilivyomsikia mke wangu. Mke wangu analijua hilo na haachi kunikumbusha. Mtu akikaa jirani na mashine muda mrefu namna hiyo, anajua kinachoendelea upande wa pili bila kuchungulia. Chuma laini kinaimba, chuma kigumu kinalia. Candida akiwa na hasira kunakuwa kimya kabisa, kwa sababu hashiki kazi akiwa na hasira. Hilo alifundishwa na baba yake, aliyekuwa mkerezaji katika karakana za reli mpaka macho yalipomkatalia.

Ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mfupi, mabega mapana, ovaroli ya bluu iliyofuliwa hadi ikakaribia kuwa nyeupe. Mume alikuwepo, akaenda Tunduma kufuata biashara ya mchele, akaoa huko. Binti yao anasomea uuguzi Dodoma. Wateja wapya wakiingia humuuliza fundi yuko wapi. Zamani aliwajibu. Siku hizi anawaonyesha benchi, wakae wamsubiri fundi, naye anaendelea na kazi yake mpaka waone aibu wenyewe.

Watu wanadhani ufundi wa vyuma ni mikono. Candida anasema mikono ni nusu tu, nusu nyingine ni kuchagua. Kipande kimoja unaweza kukipata kwa njia nyingi: ukisubu kwenye mchanga, ukifue, ukichonge kutoka kwenye chuma kizima, au uchukue kile kilicholika, ukijaze kwa kuchomelea, halafu ukikereze kirudi kwenye kipimo chake. Vyote vikitoka kwenye mashine vinang'aa sawasawa na mteja haoni tofauti. Tofauti inakuja baadaye, mteja akiwa kwake na fundi ameshasahau.

Sisi Gerezani tumejenga nyumba zetu kwa kujaza, wacha niseme ukweli. Mtu analeta shafti ya kinu au ya mashine ya kukamua miwa, imelika pale beringi inapokaa. Anataka ikifika jioni iwe imepona. Unaijaza, unaikereza, nami namuuzia beringi mpya, anaondoka anatushukuru wote wawili. Michoro hatuna. Tuna sampo: unaleta kipande cha zamani, fundi anatoa kingine kama hicho. Candida peke yake ndiye aliyekuwa akiuliza maswali. Hii inabeba nini? Inazunguka kwa kasi gani? Ikikatika, nani yuko karibu? Nilikuwa namtania kwamba anahoji vyuma kama polisi wa kituo kikubwa. Hakuwahi kucheka.

Mwezi wa tano, Jumanne mchana, nilimpelekea mteja mimi mwenyewe. Alikuwa Ravindra, mtu ninayemheshimu, ana duka la vitambaa na ni mwenyekiti wa wakazi wa jengo lao la ghorofa sita kule Mchafukoge. Jengo lile lina lifti ya zamani sana. Kampuni iliyoitengeneza ilishakufa, na vipuri vyake huwezi kuagiza popote. Beringi ilikuwa imeganda na kuila shafti inayobeba puli ya nyaya, yaani ile inayoshika uzito wote wa chumba cha lifti na watu waliomo. Ravindra aliileta ikiwa imefungwa kwenye shuka, amembebesha mlinzi.

Candida aliipangusa, akaipima, akaiweka mezani.

"Hii ichongwe mpya," alisema. "Nitafute chuma chake, nikereze, nikate mfereji wa puli, halafu ikakomazwe kwenye moto. Siku sita."

"Fundi Candida, siku sita sina," Ravindra alisema. "Mama yangu yuko ghorofa ya tano. Ana miaka themanini na moja. Anasafishwa figo Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Leo lifti imekufa ameshapanda, nashukuru Mungu. Keshokutwa nitamshushaje?"

Candida aliigeuza shafti mezani. Mimi ndiye niliyedakia. Nakumbuka maneno yangu vizuri, na ningependa nisiyakumbuke.

"Si uijaze tu? Unajaza kila siku."

"Kwa lifti sipendi, kaka Yasser."

"Ya muda. Mwezi mmoja. Halafu unawachongea mpya kwa nafasi yako."

Candida alimtazama Ravindra, ambaye alikuwa amekutanisha viganja kifuani kama mtu anayeomba. Nadhani alimwona mama wa watu akiteremka ngazi tisini. Nadhani pia alimkumbuka baba yake, ambaye yeye ndiye alikuwa akimshika mkono kumpeleka kliniki ya macho. Hakuichagua ile njia kwa uvivu, wala kwa tamaa. Aliichagua kwa huruma, na hilo ndilo linalonitesa mpaka leo.

Akaijaza jioni ile. Chuma cha namna ile ukikichomelea unatakiwa ukipashe moto kwanza taratibu, na ukimaliza ukifukie kwenye chokaa kilale humo hadi asubuhi kipoe polepole. Ukikiharakisha, pembeni ya sehemu uliyojaza pale panakuwa pagumu na pakavu, hapana uvumilivu. Candida alijua. Lakini ilikuwa lazima kesho yake aikereze na mchana ifungwe, kwa hiyo ilipoa sakafuni, mlangoni, kwenye upepo wa barabara. Mimi nilikuwa nimesimama juu yake nikiisifia.

Alhamisi mama yake Ravindra alishuka kwa lifti. Ravindra alinipigia simu kunishukuru. Lifti ilikuwa haina hata mtikisiko.

Mwezi ukapita, ukaja wa pili. Candida alinunua kile chuma cha duara cha kuchongea shafti mpya, akakiegemeza ukutani, akaandika kwa chaki: LIFTI. Halafu akaja mteja wa mashine ya matofali anayelia kama mtoto, chuma kikatumika huko. Cha pili hakukinunua. Lifti ilikuwa kimya, na kitu kilicho kimya hakimkumbushi mtu. Mtu wa kumkumbusha ningekuwa mimi, nami sikumbuki hata siku moja niliyoifikiria.

Mwezi wa kumi, Ijumaa, nilikuwa natawadha nyuma ya duka. Nikasikia mashine ya Candida imezimika katikati ya kukata. Akaja mlangoni kwangu na vipande viwili vya shafti, kimoja kila mkono. Nyuma yake alikuwa Mbaruku, mwenye kinu cha kusaga Buguruni, anapiga kelele kwamba kinu chake kimesimama na wateja wanaondoka na mahindi yao.

"Kaka Mbaruku, nisubiri kule," Candida alimwambia. Alipoondoka, akaniwekea vile vipande mezani juu ya daftari langu.

"Hii niliijaza wiki ile ile ya lifti. Vijiti vile vile vya kuchomelea. Sakafuni pale pale."

Nikatazama. Imekatika safi, kama imekatwa kwa msumeno, pembeni kabisa ya sehemu iliyojazwa. Kwenye uso wa mkatiko kulikuwa na mistari myembamba iliyopindana, kama ya ganda la chaza.

"Unaona mistari hii?" alisema. "Haikukatika jana. Ilianza kidogo, ikawa inakwenda kila siku kidogo, kila ikizunguka. Kinu kinasaga, mtu hajui. Kile kipande cha mwisho kilipochoka ndipo ikaachia."

"Kinu ni kinu," nikasema. "Kinagongagonga kutwa nzima. Lifti inakwenda taratibu."

"Lifti inabeba watu."

"Candida, sikiliza." Nilifunga mlango wa duka. Nilikuwa na haraka ya kwenda msikitini, na nilikuwa na hofu, na vitu hivyo viwili vikikutana kwa mtu anakuwa mjinga. "Ukienda kule ukasema, umekwisha. Gerezani nzima itajua. Nani atakuletea kazi? Na mimi ndiye niliyekupeleka, jina langu linakwenda na lako. Labda ile iko nzima. Subiri mwezi ujao fundi wa lifti akija kukagua, tutamwambia atazame. Kimya kimya."

Alichukua vipande vyake akaondoka. Mashine yake haikuwashwa tena siku ile.

Nilisali Ijumaa ile, lakini sikumbuki hotuba ilihusu nini.

Jumamosi asubuhi nilimpigia, hakupokea. Baadaye nikajua alikuwa wapi. Alikuwa amesimama ng'ambo ya jengo la Ravindra tangu saa kumi na mbili, kwenye baraza ya duka lililofungwa, anatazama mlango wa chini. Aliwaona wakitoka, Ravindra na mama yake na mjukuu wa mama huyo, wa miaka saba, Zalak, ambaye Jumamosi hana shule na hupenda kumsindikiza bibi yake. Walitoka kwenye lifti wakicheka. Saa saba aliwaona wakirudi, wakaingia tena humo. Alisema alihesabu moyoni mpaka taa ya ghorofa ya tano ikawaka juu ya mlango wa lifti. Halafu alienda kukaa kwenye ngazi za posta.

Kwa nini hakuvuka barabara? Nilimuuliza hilo, maana nina ulimi usiojua adabu. Akasema kila alipotaka kuvuka alisikia sauti yangu.

Jumapili hakuenda kanisani. Jumatatu asubuhi nilimkuta amekaa mlangoni kwangu kabla sijafungua, amevaa gauni la kitenge badala ya ovaroli, mkononi ana chupa ya mafuta ya taa, vitambaa na chaki.

"Naenda Mchafukoge," akasema. "Wewe baki."

Nilimfuata. Si kwa ushujaa. Nilitaka kujua atasema nini.

Ravindra alitukaribisha dukani kwake, akaagiza chai. Candida hakukaa.

"Ravindra bhai, zimeni lifti. Ile shafti niliyowajazia, nina wasiwasi nayo. Nataka kuitazama sasa hivi."

Ravindra hakuuliza swali. Ni mtu wa biashara, anaujua uso wa mtu. Alimpigia mlinzi lifti izimwe, akamwita Anaeli, fundi wao wa lifti, kijana makini anayetembea na tochi tatu. Tukapanda ngazi zote hadi chumba cha mashine juu ya paa. Kwenye kona ya ghorofa ya tatu nilimvuta Candida mkono, nikamnong'oneza: "Wakikuuliza, sema umejua leo asubuhi. Leo asubuhi tu. Unanielewa?" Akautoa mkono wake taratibu, akaendelea kupanda.

Juu kule Anaeli alifungua kifuniko. Shafti ilikuwa inang'aa kama siku ilipotoka Gerezani.

"Mbona iko fresh, fundi," Anaeli alisema. "Nimekagua mwezi uliopita. Hakuna sauti, hakuna joto."

Candida alimwomba chumba cha lifti kifungwe kwa minyororo kwanza, ili uzito usiwe juu ya shafti. Kazi hiyo ilichukua saa nzima. Halafu akaloweka kitambaa mafuta ya taa, akaizungushia shafti pembeni ya sehemu aliyoijaza, akaacha. Njia hii alifundishwa na baba yake, inatumika kutafuta ufa usioonekana kwa macho. Mafuta yanaingia penye ufa. Unapangusa juu mpaka pakauke kabisa, unapaka chaki nyeupe, halafu unasubiri. Kama chuma ni kizima, chaki inabaki nyeupe.

Alipangusa mpaka pakakauka. Akapaka chaki, akagonga shafti kwa mpini wa nyundo mara mbili tatu. Anaeli akamulika tochi.

Ulitokea mstari. Mwanzoni ulikuwa mwembamba, kama unywele umeanguka juu ya chaki. Ukalowa, ukakolea, ukasogea. Anaeli alizungusha puli kwa mkono polepole, na mstari ukaendelea kuja, ukaendelea, ukapita nusu ya mzunguko ukawa bado haujaisha.

"Mama yangu," Anaeli akasema kwa sauti ndogo.

Ravindra aliutazama ule mstari kwa muda mrefu. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Umejua lini?"

Hapo ndipo ningesema leo asubuhi, na wewe unayesoma labda ungesema hivyo pia. Mstari ulishaonekana, lifti ilishazimwa, hakuna aliyekufa. Neno moja dogo lingemponya. Nilimtazama Candida nikimwomba kwa macho.

"Ijumaa," akasema. "Saa sita mchana."

"Ijumaa."

"Ndiyo."

"Jumamosi nilikuwa humo ndani. Mimi na mama. Na Zalak."

"Niliwaona."

Ravindra alifumba macho. Alipofumbua hakupaza sauti, na nadhani kupaza sauti kungekuwa nafuu kwetu.

"Nani mwingine alijua?"

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Candida hakunitazama. Alikuwa anautazama ule mstari kwenye chaki.

"Mimi peke yangu," akasema.

Na mimi nikanyamaza. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na ulimi ule ule uliokuwa unasema sana siku zote, ukalala.

"Ondoka, Candida," Ravindra akasema. Kwa miaka yote alikuwa akimwita fundi Candida. Lile neno la kwanza lilikuwa limeondoka.

Kazi ya shafti mpya alipewa Abdulhamid, mwenye karakana kubwa upande wa pili wa Gerezani, ana mashine inayoongozwa na kompyuta iliyotoka China. Ravindra alimpelekea ile yenye ufa iwe sampo. Nilimwambia Candida amshukuru Mungu, ameondokana nayo. Aliuliza chuma gani kitatumika na kona itakatwaje. Nikasema mashine ile ni ya kisasa, haikosei. Akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza.

"Inakereza unachoiambia," akasema. "Ukiipa sampo yangu itakereza kosa langu."

Alienda kwa Abdulhamid kwa miguu, akiwa na shafti iliyokatika ya Mbaruku kwenye mfuko wa rambo. Wafanyakazi wa kule walishasikia habari, wakamcheka mlangoni. Abdulhamid hakucheka. Alikuwa ameshapima sampo na anakaribia kuanza. Candida alimwonyesha pale shafti inapotoka kwenye unene na kuingia kwenye wembamba, pale ambapo yeye mwenyewe alikuwa ameacha kona kali ili beringi ikae vizuri kwa haraka. "Hapa usinifuate mimi," alimwambia. "Zungusha kona, iteremke kama mgongo wa kijiko. Beringi iwekee pete ya kuisogeza. Na chuma usichukue hiki cha kawaida ulichonacho." Akamtajia aina, akamtajia duka, akamwambia iende ikakomazwe kabla ya kusuguliwa kwa jiwe kupata kipimo cha mwisho. Abdulhamid aliandika yote. Alivyonisimulia, alisema ilikuwa kama mtu kuja kukuonyesha jinsi ya kumzika vizuri.

Jumanne ile ya kwanza bila lifti, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Candida alikuwa chini ya jengo la Mchafukoge amevaa ovaroli yake. Mlinzi hakujua amwache aingie au amfukuze. Akapanda hadi ghorofa ya tano. Ravindra, mwanawe Jeet na jirani mmoja walikuwa wanamfunga mama yake Ravindra, mama Kamla, kwenye kiti cha mbao kwa khanga, tayari kumshusha, na mtu wa nne aliyeahidi kuja hakuja. Candida alishika mguu wa kiti uliobaki. Ravindra hakumsalimia wala hakumkataza.

Mama Kamla ni mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kinanishinda mimi. Macho ndiyo hayamsaidii.

"Shikamoo mama," Candida alisema.

"Marahaba. Nani huyu mwenye mikono ya chuma?"

"Ni yule fundi aliyeharibu lifti, Ba," Ravindra akajibu, akimwita mama kwa lugha yao.

Mama Kamla aliupapasa mkono wa Candida.

"Basi ashike upande wa kulia," akasema. "Huko ndiko ninakoegemea."

Walimshusha ngazi tisini, na mchana wakampandisha. Alhamisi tena. Jumamosi tena. Safari ya kupanda ya Jumamosi mama alikuwa amechoka sana, kichwa kinamwangukia, na kwenye kila ghorofa walipumzika. Jeet alisema kwamba Candida alikuwa analia bila sauti njia nzima, jasho na machozi pamoja, na hakuna aliyeweza kumfuta kwa sababu kila mtu mikono yake ilikuwa imejaa. Karakana yake wiki ile ilikuwa imefungwa, na hata ingefunguliwa hakukuwa na mtu wa kuingia. Habari ilishazunguka. Wateja wanne walikuja kwangu wakaniuliza kama ni kweli yule mama alikaa siku tatu anajua. Nikawaambia sijui vizuri.

Jumatatu ya wiki iliyofuata shafti mpya ilifungwa. Beringi nilileta mimi, nzuri kabisa, na nilizileta kwa mkono wangu. Anaeli alipandisha na kushusha lifti kutwa nzima ikiwa na mifuko ya saruji ndani. Jumanne alfajiri Ravindra alinialika, kwa sababu mama alitaka lifti ipasuliwe nazi kwanza kama anavyofanya kwa kila chombo kipya kinachoingia kwake. Kwa hiyo saa kumi na moja na nusu tulikuwa ghorofa ya tano mbele ya mlango wa lifti, uliopakwa doa jekundu la kumkum, ile poda ya ibada za Kihindu. Nazi ikapasuliwa sakafuni, kila mtu akapewa kipande. Candida alikuwepo. Hakuna aliyemwita. Alikuja kushika kiti kama siku zote, akakuta kiti kimeegemezwa ukutani.

Mlango ukafunguka. Ravindra alimshika mama yake mkono, mama akasimama.

"Aingie fundi kwanza," akasema.

Anaeli akasogea.

"Si wewe. Huyu wa upande wa kulia."

Candida alirudi nyuma hatua moja. "Mama, hii shafti si yangu. Ameitengeneza Abdulhamid."

"Najua," mama Kamla alisema. "Ya kwako nilishaipanda miezi mitano. Ingia."

Ravindra alitazama sakafu. Nilimwona Candida anavyoitazama ile sakafu ya lifti, ile nafasi nyembamba kati yake na korido, na nikajua hakuna mtu katika jengo lile aliyekuwa anaiogopa lifti kama yeye. Alivuka. Mama Kamla akaingia, akamshika mkono wa kulia. Ravindra akaingia, na Jeet. Zalak, ambaye kwa kawaida angekuwa bado amelala saa ile, alipenya katikati yao na yunifomu ya shule, na Candida alipomwona alimvuta karibu, akamshikilia bega.

Candida akageuka kunitazama. Tangu siku ile juu ya paa hakuwa amenitazama usoni.

"Karibu kaka Yasser," akasema. "Nafasi ipo."

Ilikuwepo. Watu sita inabeba, wao walikuwa watano. Nilisema goti langu linahitaji mazoezi, ngazi zitalifaa. Nikasema hivyo nikiwa natabasamu. Mlango ukafungwa, nikawasikia wakishuka upande wa pili wa ukuta, laini kabisa, bila mlio wowote, nami nikateremka ngazi zote tisini nimeshika kipande changu cha nazi.

Chini nilimkuta Ravindra anamwingiza mama kwenye gari. Alipomaliza alinijia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, mbele ya Candida aliyekuwa anafunga mlango wa gari. Akasema kwamba katika mambo yale yote mimi nilisimama nao tangu mwanzo, na hatasahau.

Nikamjibu: "Usijali, Ravindra bhai. Tuko pamoja."

Candida alinisikia. Alihakikisha mlango wa gari umefunga, akaaga, akaenda kufungua karakana yake.